Ukakasi wa Mtama Mwekundu na Afya ya Damu Yetu

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo karibu kila familia ya Nduguti imelionja kwa ulimi, ingawa wengi wetu hatujawahi kuelezwa maana yake. Ukipita huku Mkalama baada ya mavuno utaona mtama umeanikwa juani, mahali pengine mweupe, mahali pengine mwekundu wa kahawia. Mama wa nyumba anajua tofauti yake bila kufundishwa darasani. Ugali wa mtama mweupe ni laini kinywani. Ugali wa ule mwekundu, hasa usipokobolewa, hukausha mate, hukaza ulimi na kuacha ladha inayokwaruza. Ladha hiyo ndiyo tunayoiita ukakasi. Tunaikuta pia katika ndizi mbichi, zambarau ambazo hazijaiva vizuri, bibo la mkorosho na chai ya rangi iliyochemshwa mno.

Je, ukakasi huo ni dawa au ni madhara? Hapa tunasikia sauti mbili. Kliniki wanatuambia tusinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu inapunguza damu. Sokoni wauzaji wa unga wa majani na magome wanatuambia kwamba vitu vyenye ukakasi na uchungu huimarisha seli za mwili na kutibu kila ugonjwa. Sauti zote mbili zinazungumza juu ya kitu kilekile. Ili tujue ipi tuifuate, na kwa kiasi gani, inabidi tuingie ndani ya punje ya mtama, kisha tuingie ndani ya seli moja ya mwili wetu.

Kitu kinacholeta ukakasi

Mimea hutengeneza vitu vingi ambavyo wataalamu huviita polifenoli. Molekuli ya polifenoli ni kama pete kadhaa zilizounganishwa, kila pete ikiwa na pembe sita. Kandokando ya pete hizo kuna vishikizo vidogo vya oksijeni na haidrojeni. Tukumbuke mambo hayo mawili, pete na vishikizo, kwa maana habari yote inayofuata inatoka hapo. Pete zenyewe hupendelea kukaa karibu na mafuta. Vishikizo hupenda maji, na pia hupenda kushikamana na vitu vingine.

Polifenoli ziko za aina nyingi. Zipo ndogo, kama kwasetini, ambayo imo kwa wingi katika vitunguu vyekundu ambavyo mkoa wetu wa Singida unasifika kwavyo. Zipo katekini, zilizomo katika majani ya chai. Zipo tena kubwa, zilizounganika kama mnyororo mrefu, nazo huitwa tanini. Katika mtama wenye ukakasi, tanini hukaa katika tabaka jembamba lililo chini ya ganda la nje la punje. Tusidanganywe na rangi peke yake, kwa sababu uko mtama mwekundu usio na tanini. Kwangua ganda la nje taratibu kwa ukucha au kisu. Ukiona chini yake tabaka la kahawia iliyokolea, huo una tanini. Ulimi pia utakuthibitishia.

Mmea haukujiwekea tanini bure. Wakulima wa Singida wanawafahamu vizuri ndege waitwao kwelea kwelea, wanaoweza kumaliza shamba la mtama mweupe kwa muda mfupi. Mtama wenye ukakasi hauwapendezi ndege hao, hasa punje zikiwa bado changa, ingawa wakiwa na njaa kali wataula. Tanini huzuia pia ukungu kuozesha punje. Kwa sababu hiyo, aina kama Serena, iliyotokana na utafiti wa Serere nchini Uganda, ilipendwa na wakulima wengi wa Afrika Mashariki. Aina nyeupe kama Tegemeo, Pato na Macia, ambayo iliidhinishwa nchini mwetu mwaka 1999, zina chakula laini zaidi, lakini mwenye shamba ni lazima azilinde dhidi ya ndege. Kwa hiyo anayepanda mtama mwekundu si mjinga. Ameamua kupunguza hatari moja, nayo nyingine ikahamia jikoni.

Utando wa seli

Mwili wetu umejengwa kwa seli, au chembe hai kama wengine wanavyoziita. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima mwenye afya kuna chembe nyekundu zipatazo milioni 4 hadi 5. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba sana. Ukipanga tando hizo moja juu ya nyingine, zitahitajika zaidi ya elfu kumi ili kufikia unene wa karatasi moja ya daftari.

Utando huo umetengenezwa hasa na mafuta ya namna ya pekee yaitwayo fosfolipidi. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia maji. Sote tumeona mafuta ya alizeti yanavyojitenga na maji chunguni. Fosfolipidi haziwezi kujitenga kabisa kwa sababu vichwa vyake vinataka maji. Basi hujipanga safu mbili: vichwa vinatazama nje na ndani ambako kuna maji, na mikia inaelekeana katikati, imefichwa. Jambo hili lilianza kueleweka mwaka 1925, wakati Waholanzi wawili, Evert Gorter na François Grendel, walipotoa mafuta katika chembe nyekundu za damu na kuyatandaza juu ya maji. Waliona kwamba yalienea eneo kama mara mbili ya eneo la chembe zenyewe, wakatambua kuwa utando una safu mbili.

Mwaka 1972 Wamarekani S. J. Singer na Garth Nicolson waliongeza kwamba utando si ukuta mkavu. Ni kitu laini kinachotembea, na ndani yake zimo protini zinazoelea. Protini hizo ndizo malango. Moja hupitisha sukari, nyingine chumvi, nyingine madini ya chuma. Seli yenye utando mzima na malango yanayofanya kazi ni seli yenye afya. Utando ukipasuka, seli inakufa.

Polifenoli inapokutana na utando

Sasa turudi kwenye pete na vishikizo. Polifenoli ndogo, kama kwasetini, ikifika kwenye utando haibaki majini kabisa, wala haizami hadi katikati ya mafuta. Pete zake huvutwa kuelekea mikia, navyo vishikizo vyake hushikana na vichwa. Kwa hiyo inakaa mpakani, kama mtu aliyeketi kizingitini, mguu mmoja nje na mwingine ndani. Ikiwa kidogo, hubadilisha kidogo tu mpangilio wa fosfolipidi zilizo jirani. Ikiwa nyingi, utando unaweza kuwa mgumu kuliko kawaida, au ukapoteza mpangilio wake na kuanza kuvuja.

Tanini ni kubwa mno kuweza kupenya. Yenyewe hulala juu ya utando na kushika vichwa vingi kwa wakati mmoja. Kwa kuwa ina vishikizo vingi pande zote, yaweza hata kushika tando mbili na kuzigandisha pamoja. Hali kadhalika hushika protini. Ukakasi wenyewe unatokana hasa na jambo hilo: tanini inazishika protini za mate zinazolainisha kinywa, zinaganda, nao ulimi unakosa utelezi. Kwa njia hiyohiyo watu tangu zamani wametumia magome ya miti kugeuza ngozi mbichi ya mnyama kuwa ngozi isiyooza. Miti ya miwati iliyopandwa Njombe ilikuzwa kwa ajili ya tanini ya magome yake. Tanini huzikaza protini za ngozi, na vijidudu vinavyoozesha vinashindwa.

Vijidudu navyo ni seli zenye utando. Polifenoli ikiwa nyingi inaweza kuvuruga utando wa bakteria hadi yaliyomo ndani yavuje. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya baadhi ya majani na magome yaonekane kusaidia vidonda au kuhara. Kwa kiasi hicho, sauti ya sokoni haikutunga uongo mtupu.

Faida iliyopo

Mafuta ya utando yanaweza kuharibika, kama vile mafuta ya kupikia yanavyochacha yakikaa muda mrefu kwenye joto na hewa. Molekuli moja ikiharibika huiambukiza ya jirani, nayo ya tatu, kama moto unaoruka kutoka paa moja la nyasi hadi jingine. Vitamini E, iliyomo katika mafuta ya alizeti, hukaa ndani ya utando na kuuzima moto huo. Polifenoli zilizokaa mpakani huweza kuisaidia, kwa kutoa haidrojeni ya vishikizo vyake. Ndiyo maana tunahimizwa kula mboga za majani, matunda, vitunguu na nafaka zisizokobolewa mno. Watu wanaokula vyakula vya namna hiyo kwa muda mrefu huwa na afya nzuri ya moyo na tumbo kuliko wasiokula.

Lakini tuwe waangalifu. Sehemu kubwa ya majaribio hayo ilifanywa katika chupa za maabara, ambamo polifenoli humwagwa moja kwa moja juu ya seli. Kwa mtu anayekula, mambo si hayo. Sehemu ndogo tu ya polifenoli huingia katika damu, na nyingi kati ya hizo hubadilishwa kwanza na utumbo, ini na bakteria wa tumboni. Kiasi kinachozifikia seli za mwili ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha chupani.

Tena kuna onyo jingine. Mwaka 2014 watafiti waliokuwa na Helgi Ingólfsson na Olaf Andersen huko Marekani walichunguza kemikali tano za mimea zinazosifiwa sana, zikiwemo ile ya manjano, ile ya chai ya kijani na ile ya ukali wa pilipili. Waliona kwamba zote hubadilisha hali ya utando wenyewe, na kwa sababu hiyo protini za aina mbalimbali zilizomo humo hubadili utendaji wake kwa pamoja. Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba kitu kimoja kinaweza kuonekana maabara kama kinagusa magonjwa mia, kumbe kinatikisa tu sakafu ambayo kila protini imesimama juu yake. Mtu akikuambia unga wake unatibu presha, kisukari, saratani na ugumba kwa pamoja, kumbuka habari hiyo.

Hasara: madini ya chuma

Sasa tufikie jambo linalotuhusu zaidi. Chembe nyekundu ya damu hubeba hewa ya oksijeni kwa kutumia hemoglobini, na kila molekuli ya hemoglobini ina atomi 4 za chuma. Chembe hiyo huishi siku zipatazo 120. Mwili hulitumia tena sehemu kubwa ya chuma la zamani, lakini mtoto anayekua, mama mjamzito na mwanamke apataye hedhi wanahitaji nyongeza kutoka katika chakula.

Chuma la nafaka, maharage na mboga ni lazima liyeyuke tumboni, kisha lipite kwenye lango lake katika utando wa seli za utumbo. Hapo ndipo tanini inapoleta kikwazo. Kabla chuma halijafika langoni, vishikizo vya tanini hulikamata. Mzigo huo ni mkubwa na hauyeyuki, wala lango haliupitishi, basi hutoka na choo. Chakula kimeliwa, tumbo limeshiba, lakini damu haikupata kitu. Kikombe cha chai iliyokolea kikinywewa pamoja na chakula cha nafaka huweza kupunguza chuma linaloingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Kuongeza maziwa hakuondoi tatizo hilo. Tanini haiko peke yake, kwani nafaka na maharage vina pia kitu kiitwacho faiteti ambacho hulizuia chuma vilevile. Chuma la nyama, maini na samaki hupita kwa njia yake nyingine, na halisumbuliwi sana.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa 45. Visababishi ni vingi: malaria, minyoo ya safura, kichocho, ugonjwa wa selimundu na chakula duni. Tanini peke yake haimfanyi mtu aishiwe damu. Lakini mtoto aliyekwisha kuugua malaria mara mbili msimu huu, anayekula uji wa mtama mwekundu usiokobolewa asubuhi na jioni pamoja na chai ya rangi, anajaribu kujaza mtungi uliotoboka. Mama mjamzito mwenye damu kidogo yuko katika hatari kubwa zaidi akitokwa na damu wakati wa kujifungua.

Jikoni tufanye nini?

Hatusemi mtama mwekundu uachwe. Ni chakula chetu, huvumilia ukame, na mwaka mbaya ndio unaotuokoa. Tunasema utayarishwe kwa busara, kama bibi zetu walivyofanya.

Kwanza, kukoboa. Ukiutwanga mtama kinuni na kupepeta, tabaka lenye tanini huondoka na pumba. Usikoboe kupita kiasi, maana baadhi ya protini na madini nayo hutoka. Koboa mpaka ule wekundu upungue sana.

Pili, kuloweka na kuchachusha. Unga wa uji ukilowekwa ukachachuka kidogo kabla ya kupikwa, tanini na faiteti hupungua, na uji humeng'enyeka vizuri.

Tatu, kimea. Mtama uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, hulainisha uji mzito na kumwezesha mtoto kula chakula kingi zaidi kwa tumbo lake dogo. Tumia mtama mweupe au ulezi kwa kazi hii, kwa sababu tanini huzidhoofisha nguvu za kimea. Na tafadhali, machipukizi na mizizi ya mtama ulioota ni lazima yaondolewe na kutupwa kabla ya kusaga, kwa kuwa yana sumu. Kisha unga huo upikwe.

Nne, vitamini C. Vitamini hii hulisaidia chuma lisikamatwe. Kula mlo pamoja na pera, papai, chungwa au nyanya mbichi. Ubuyu unayo kwa wingi sana. Ukiutia kwenye uji, utie baada ya kuepua, kwa maana moto mkali huiharibu vitamini hiyo. Hata kipande kidogo cha nyama au dagaa husaidia.

Tano, chai ipewe wakati wake. Ngoja walau saa moja baada ya kula ndipo unywe chai au kahawa. Mtoto mdogo asipewe chai kabisa.

Mambo hayo si mageni katika nchi zetu. Huko Kigezi nchini Uganda, na vilevile Rwanda na Burundi, watu wa milimani wamekuwa wakiutia mtama wenye ukakasi majivu ya kuni na maji kabla ya kuuotesha kwa uji na pombe. Majivu huifanya tanini isiweze tena kushika. Hawakuwa na maabara, lakini ulimi wao ulikuwa mpimaji mzuri.

Vidonge vya kliniki na unga wa sokoni

Mama mjamzito anayepewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi avimeze kwa maji, asivimeze kwa chai. Choo kikiwa cheusi asiogope, hiyo ni kawaida ya vidonge hivyo. Akina baba nanyi mnahusika hapa. Mara nyingi ninyi ndio mnaotaka chai mezani pamoja na ugali, na mama hunywa kwa sababu ndiyo iliyopikwa.

Kuhusu unga wa majani na magome, tunasema hivi: kile kinachoweza kuvuruga utando wa bakteria, kikizidi chaweza kuvuruga pia utando wa tumbo na ini. Mmea hautambui adui na rafiki. Dawa za mitishamba zenye ukakasi mkali asipewe mtoto mchanga wala mama mjamzito. Wala zisimezwe pamoja na dawa za hospitali bila kumweleza mganga wa zahanati, kwani tanini yaweza kuikamata dawa kama inavyolikamata chuma. Mganga huyo aelezwe bila kuficha. Mgonjwa anayeficha anajidhuru mwenyewe.

Mtoto akiwa na viganja na midomo iliyopauka, akichoka upesi, akihema haraka au akipenda kula udongo, msimtibu kwa chakula peke yake. Mpelekeni zahanati apimwe damu, malaria na minyoo. Alale ndani ya chandarua na avae viatu ili safura isiingie miguuni.

Kwa kifupi, ndugu wasomaji, ukakasi ni kitu kimoja chenye kazi mbili. Kwa kiasi cha chakula cha kawaida husaidia kuulinda utando wa seli zetu. Ukizidi, na ukija kwa wakati usiofaa, huifunga njia ya chuma. Tofauti kati ya hayo mawili iko mikononi mwa anayeshika mchi, na katika saa moja ya kusubiri kabla ya kumimina chai.